Mchumba wa Kamati

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa kijijini kwetu Ha Mokhethi majembe tunayo, lakini mgeni akiwa mwalimu, siku ya tatu tunampa mchumba.

Msicheke. Ndiyo njia pekee tuliyoipata ya kuwafanya wakae. Serikali humleta mwalimu huku milimani kwa miaka miwili. Hufika Januari na sanduku lake na viatu vya mjini, akaona majani mabichi na mito iliyojaa, akasema jamani, pazuri hapa. Subiri Juni. Theluji ikianguka mara moja na maji yakaganda ndani ya ndoo, akaambiwa kuni hakuna kwa kuwa miti hakuna, na kile kibonge cha kinyesi cha ng'ombe kilichokauka ndicho atakachowasha apikie, hapo ndipo mgongo unapoanza kumuuma. Kisha meno. Kisha mama yake anaugua, na shangazi yake anafariki mara tatu kwa muhula mmoja. Njia ikifunguka tu, lori la kwanza likishuka, mwalimu kapanda.

Kwa hiyo kamati ya shule yetu, ambayo kwenye karatasi kazi yake ni uji wa watoto na paa, ina kazi nyingine isiyoandikwa. Akishuka mwalimu wa kike, kina mama wa kamati hukutana na kuulizana nani ana kijana wa kufaa. Kijana akipatikana anapewa farasi na kutumwa: akambebee mwalimu vibonge vya kuwashia, akamtekee maji, akampeleke mjini siku ya mshahara. Mengine yanakuja yenyewe. Akishuka wa kiume, anapelekewa binti na bakuli la uji mchachu. Mwalimu Khiba tulimpata kwa uji. Leo ana mbuzi wengi kuliko wanafunzi, na anawafundisha watoto wa madarasa ya chini huku jicho moja liko malishoni.

Wifi yangu Mapontso naye tulimfunga hivyo hivyo, na katika wote hakuna aliyefungika kama yeye.

Alikuja akiwa msichana, kutoka upande wa Mafeteng, tambarare kabisa. Mwenyekiti wa kamati wakati huo alikuwa mama yangu mzazi. Kaka yangu Lebusa akaonekana kila siku mlangoni kwa mwalimu na farasi wa nyumbani kwetu, na kabla ya mwaka kwisha msichana wa Mafeteng akavikwa blanketi la bibi harusi na kupewa jina la ukoo wetu, Mapontso, yaani mama wa Pontso, kabla hata huyo Pontso hajatungwa mimba. Mimi nilikuwa mtoto wa kufukuza kuku. Nakumbuka walipendana. Walikuwa wakicheka ukutani kwa nje mpaka mama anawaambia ingieni, mnatuaibisha.

Harusi ilipokwisha Lebusa akaenda migodini, ng'ambo ya mpaka, kama walivyofanya wanaume wengi. Alikuwa anarudi Pasaka na Krismasi. Mwaka wa nne wa ndoa yao, baada ya mavuno, mama alipika pombe, na marehemu mama yangu, Mungu amrehemu, mdomo wake haukuwa na mlango. Alikunywa vibakuli kadhaa kisha akasimama katikati ya wanawake wenzake akasema, "Wengine wanangoja serikali iwape mwalimu. Mimi nilimkamata kwa farasi mmoja na kijana mmoja, na wote walikuwa wangu!"

Watu walicheka sana. Mapontso alikuwa mlangoni, amebeba sufuria ya mtama. Niliuona uso wake. Aliiweka ile sufuria chini polepole, akajifunga blanketi vizuri, akaenda nyumbani kusahihisha madaftari.

Hakugombana na mtu. Natamani angegomba, maana kelele huisha. Tangu siku ile aliishi na kaka yangu kwa adabu. Akirudi Krismasi anapikiwa, anafuliwa, anaulizwa habari za safari, na jioni mwalimu anawasha taa na kuvuta daftari. Mara moja tu, tukiwa mtoni tunafua, aliniambia alichokuwa nacho moyoni. "Wifi, kaka yako alitumwa kunikamata. Alipomaliza kazi akaondoka zake kwenda mgodini. Angekuwa alinitaka, angekaa." Nilijua kama alivyojua yeye, kwamba ndivyo ilivyokuwa, na nilimwonea huruma, kisha tukasuuza mablanketi.

Miaka ikapita naye akifundisha. Ninyi mnaosoma mahali penye walimu kumi na watano hamtaelewa. Darasa la sita na la saba wako chumba kimoja, hawa wanatazama ukuta huu na wale ukuta ule, na mwalimu yuko katikati anageuka. Anawaandikia hesabu wa huku, anageuka kuwasomea wa kule, na akirudi kwa wa huku wameshapigana. Wavulana wanatoweka miezi kwa miezi kwenda kuchunga kondoo. Wengine wanakwenda jandoni na kurudi wanaume, wamepakwa mafuta mekundu, hawataki tena kuambiwa na mwanamke washike ufagio, na kila mwaka inabidi awapiganie upya mpaka wakae chini. Mkaguzi anakuja hali ya hewa ikiwa nzuri, anakunywa chai, anasema mnajitahidi. Watoto wote wa kijiji hiki wenye kazi leo, nesi wa zahanati, dereva wa lori, hata polisi yule mlevi, wamepita mikononi mwake.

Na alichoka. Alikuwa anavua viatu chini ya meza ili miguu ipumue. Nilimkuta siku moja saa ya uji amesimama kwenye ubao, chaki mkononi, amesinzia. "Nimechoka, wifi," alisema, na kwa kuwa alisema hivyo kila siku, hatukumsikia tena.

Kisha migodi ikamrudisha kaka yangu moja kwa moja, na kifua kilichojaa vumbi la mawe. Akitembea kutoka mlangoni mpaka zizini anasimama njiani mara kadhaa kutafuta pumzi. Majira ya baridi yaliyopita ilibidi tumlaze ameketi, usiku na mchana. Daktari wa hospitali ya wilaya alisema bila kuzunguka: baridi ya mlimani itammaliza, mteremsheni. Binti yao Pontso yuko Leribe, chini tambarare, ameolewa vizuri, amewajengea chumba chenye dirisha la jua. Kilichobaki ni kwenda.

Ila mwalimu hawezi kwenda. Akiondoka, darasa la sita na la saba linafungwa, maana Khiba hana cheti cha kuwaandaa kwa mtihani, na kusema kweli hana hata hamu. Watoto wa wenye uwezo watapelekwa bweni, mwendo wa kutwa nzima. Wa wengine watarudi kwa kondoo. Mjukuu wangu yuko darasa la sita na mimi si mwenye uwezo, kwa hiyo msinione kama nasimulia habari za jirani.

Ndipo Januari hii akashuka Khopotso.

Binti mrefu, mcheshi, chuo kamaliza juzi. Siku hiyo hiyo kamati ikakaa nyumbani kwa Mama Malikeleli, mwenyekiti wetu wa sasa, mwanamke mwenye kondoo wengi na sauti ya kuwaitia.

"Haya, nani ana kijana?" akauliza, kisha akajijibu. "Mimi ninaye. Molefi wangu hana mke, hanywi sana, na ana mikono mizuri ya kunyoa mbuzi wa manyoya. Kuna mwenye neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno. Mapontso alikuwepo, kwa kuwa ndiye mwalimu mkuu. Alikunywa chai yake yote akaweka kikombe. Njiani nikamuuliza, "Wifi, mbona umenyamaza? Wewe si ndiye wa kwanza kusema?"

"Nimechoka, wifi. Waache wafanye yao. Nataka kumteremsha mume wangu kabla theluji haijaanguka, basi."

Molefi akatumwa. Na niseme ukweli, yule kijana kazi aliifanya. Vibonge vya kuwashia alivipanga nyuma ya nyumba ya mwalimu mpaka vikafika dirishani. Alimfundisha kupanda farasi, binti akaanguka mbele ya duka, akainuka ana matope mpaka masikioni, wakacheka wote wawili mpaka mwenye duka akatoka kuuliza kuna nini. Mwezi wa tatu kioo cha dirisha la darasa kilivunjika, Molefi akaja kukirekebisha. Kioo kimoja kilimchukua wiki nzima. Anaweka, anatoa, anaweka, huku Khopotso anafundisha sehemu za nusu na robo, na kijana amesimama nje na patasi yake anasikiliza. Watoto wakimtania, "Kaka Molefi, nusu na robo ni ngapi?" anajibu, "Ni karibu nzima, nyamazeni."

Binti alijua kufundisha. Mjukuu wangu alirudi nyumbani anaimba hesabu. Mapontso akaanza kuketi mchana, kitu ambacho sijawahi kukiona. Aprili akafunga sufuria zake kubwa ndani ya gunia, akaliweka karibu na mlango. Kaka yangu alikuwa anaketi juani akilitazama lile gunia, anasema, "Tumekaribia, Mwalimu."

Mei tulianza kunyoa mbuzi, na wajomba wa Molefi wakajiandaa kwenda kwa wazazi wa binti kuzungumza mahari. Mama Malikeleli akamjia Mapontso. "Wewe ndiye mama yake huku. Mweke chini umfunde, asije akatuaibisha."

Khopotso alikuja Jumamosi. Nilikuwepo, nachambua maharage kwa ajili ya mbegu. Kaka yangu alikuwa amelala chumba cha ndani. Mapontso akampa chai, akaanza maneno tuliyofundwa sote: mkwe unamwamkiaje, blanketi unalifungaje mbele ya baba mkwe. Khopotso alisikiliza kwa adabu, lakini alikuwa na lake.

"Mama, naomba nikuulize. Wewe ulijuaje kwamba Baba ndiye? Maana mimi najua, ila naogopa. Nyumbani watasema nimerogwa na milima."

Nilimtazama wifi yangu. Alikuwa na njia rahisi kabisa mbele yake. Kusema tu, moyo ulijua, mwanangu, kunywa chai. Gunia lilikuwa pale mlangoni. Alilitazama mpaka binti akaanza kucheka kwa wasiwasi.

"Mimi sikujua," Mapontso akasema. "Nilidhani najua. Kaka yake huyu alitumwa kwangu na kamati, ili wapate mwalimu. Nilikuja kusikia baadaye, kwenye pombe, watu wakicheka. Na Molefi ametumwa hivyo hivyo. Nilikuwepo alipotumwa. Nilikuwa nakunywa chai."

"Wifi!" nikasema.

"Mwache ajue sasa. Mimi nilijua nimechelewa, nina mtoto mgongoni."

Khopotso aliweka kikombe chini. Hakulia. "Kwa hiyo kila kitu," akasema. "Vile vibonge. Farasi. Kile kioo."

"Kioo sijui," Mapontso akasema. "Vingine ndiyo."

"Na wewe Mama ulikuwa unaniangalia tu."

"Nilikuwa nakuangalia. Nilitaka kupumzika."

Binti akainuka akatoka bila kuaga. Nikamfuata mbali kidogo, maana nilijua anakokwenda. Aliingia moja kwa moja banda la kunyolea, limejaa watu, manyoya yanapepea, Mama Malikeleli yuko kwenye meza ya kuchambua. Molefi alikuwa na mbuzi katikati ya magoti, mkasi mkononi.

"Molefi," akasema, "kamati ilikutuma kwangu?"

Mikasi ikasimama, mbuzi tu ndio walioendelea kulia. Kijana alimtazama mama yake, akamtazama Khopotso. Mwongo angepata la kusema. Molefi hakulelewa na uongo, hilo nampa mama yake.

"Ndiyo," akasema. "Ilinituma."

"Asante kwa kusema."

Kesho yake lori la manyoya liliposhuka, Khopotso alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, sanduku mapajani.

Asubuhi hiyo hiyo Mama Malikeleli alisimama uani kwa kaka yangu, blanketi limemteleza begani kwa hasira. "Toka nje, Mapontso! Toka wakuone! Umekula chumvi yetu miaka yote, leo unatufukuzia mwalimu? Kwa sababu wewe ulitegwa unataka kila mwanamke alie kama wewe?"

Mapontso akatoka. "Sikutaka alie. Nilitaka ajue."

"Ajue nini? Mimi niliozwa kwa mtu nisiyemjua hata sura, mbona nimezaa na nimezeeka? Nani alikufa? Haya, sasa fundisha! Fundisha mwenyewe mpaka uanguke ubaoni, na mumeo akohoe mpaka atoe mapafu, maana ndivyo ulivyochagua!"

Maneno hayo ya mwisho yalimpata, nilimwona. Na mimi yalinipata. Sitaficha, siku ile nilikuwa upande wa Malikeleli. Nilimwambia wifi yangu, "Ukweli wako una bei, na anayelipa ni kaka yangu." Akaitikia kwa kichwa. Jumatatu akarudi katikati ya kuta mbili, na akirudi mchana alikuwa hata viatu havui tena, anajitupa kitandani navyo.

Siku chache baadaye tulikuwa uani, jua la alasiri, kaka yangu ameegemea ukuta amejifunika, mimi na wifi tunapepeta maharage. Molefi akaja. Amekonda. Akatusalimia kwa heshima, akachuchumaa.

"Mama, sikuja kugomba."

"Gomba tu, mwanangu, wote wamegomba."

"Nimekuja kusema neno moja halafu nikalale. Aliniuliza kama nilitumwa, nikasema ndiyo, kwa sababu nilitumwa. Hakuniuliza la pili."

"La pili lipi?"

"Kama ningekwenda bila kutumwa." Alikuwa anachora chini kwa kidole. "Ile wiki ya kwanza nilikwenda kwa sababu ya mama. Wiki ya pili mama aliniambia inatosha, usimchoshe, rudi zizini. Nikaendelea kwenda kwake. Kioo nilikivunja mimi."

Mapontso akaacha ungo. "Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia nini mbele ya banda zima? Nimeshasema ndiyo. Angeamini lipi?"

"Sasa umekaa hapa unanieleza mimi! Mimi ndiye unayetaka kunioa? Nenda ukamwambie."

"Mama amefunga farasi."

"Na miguu ameifunga? Inuka, Molefi! Nenda bila farasi, bila mjomba, bila kamati. Nenda mtu akuone unakuja mwenyewe."

Kijana alimtazama, kisha akainuka. Alipita kwao kuchukua blanketi akashika njia ya kuteremka, na mpaka leo ninaposimulia hajarudi. Tumesikia wako wote wawili huko kwao binti, na kwamba Khopotso amepata shule nyingine, ya tambarare. Kwa hiyo kijiji kimepoteza mwalimu na mnyoaji. Mama Malikeleli hanisalimii hata mimi niliyekuwa upande wake.

Siku ile, Molefi alipokwisha kupotea kwenye kona ya mlima, wifi yangu alibaki amesimama, mikono imejaa vumbi la maharage. Aligeuka akamtazama mumewe. Nilifahamu anataka kusema nini, nikataka kuondoka, lakini miguu ilikataa. Umbea ni ugonjwa.

"Baba Pontso," akasema, "nikuulize kitu."

"Uliza, Mwalimu."

"Mwaka ule nilipokuja. Mama yako alipokutuma kwangu, alikuambia useme nini?"

Kaka yangu alifungua macho. "Kunituma mimi? Nani alinituma?"

"Kamati. Mama yako."

"Mama alimtuma Tsokolo."

Tsokolo alikuwa kaka yetu mkubwa, ambaye sasa ni marehemu. Nilidondosha ungo.

"Tsokolo ndiye aliyekuwa na zamu ya kuoa," Lebusa akaendelea, pole pole, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Ng'ombe wake wa mahari walikuwa tayari zizini. Mimi nilikuwa wa kumtandikia farasi. Lakini nilikuwepo siku uliposhuka kwenye lori. Ulikanyaga tope mpaka kwenye kifundo, ukalitukana lile tope kama mtu. Nikasema, huyu! Basi nikamwambia Tsokolo kamati imeahirisha mpaka wiki ijayo. Nikapanda farasi mwenyewe."

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja mpaka kikatulia. Mapontso alikuwa amemshika mgongo.

"Mama alinitia fimbo, mtu mzima mimi. Akasema mwizi hapewi ng'ombe. Unamtaka mwalimu, katafute mahari yako. Ndiyo nikaenda mgodini. Wewe ulidhani nilikwenda kutafuta nini?"

"Nilidhani umemaliza kazi," wifi yangu akasema. Sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Ng'ombe walikuwa wanafika kwa baba yangu mmoja mmoja, miaka na miaka. Nilidhani ni ubahili wa mama yako."

"Mama hakutoa hata ndama. Wale wote niliwatoa chini ya ardhi."

"Lakini alisema mbele ya watu. Farasi mmoja na kijana mmoja."

"Ulitaka aseme nini kwenye pombe yake? Kwamba mwanawe mdogo amemwibia mkubwa mke?"

Mapontso akaketi chini karibu naye, pale pale kwenye udongo, yeye asiyeketi. Alimtazama kifua kinavyopanda na kushuka kwa shida chini ya blanketi, na mimi nikakitazama pia. Sikuwahi kufikiri kile kifua kilikwenda kutafuta nini kule chini. Tulisema sote ni maisha, wanaume wanakwenda mgodini.

"Mbona hukuniambia, Lebusa? Miaka yote hii!"

"Lini?" Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli. "Nikija Krismasi una madaftari. Nikija Pasaka unaandaa mtihani. Nakuona umechoka mno. Nikasema, nitamwambia akipumzika."

Hapo ndipo nilipopata miguu nikaingia ndani. Nililia jikoni peke yangu, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, namkasirikia mama yangu aliyelala kaburini, na kamati, na watoto wote tuliowafundisha kusoma kwa pumzi za watu wawili. Nilipotoka jua lilikuwa limeondoka ukutani na bado wameketi.

"Wifi," Mapontso akaniambia bila kugeuka, "mwambie Malikeleli tunashuka na lori la pili la manyoya."

"Na shule?"

Alivuta blanketi akamfunika mumewe mabegani. Na mimi, bibi wa mtoto wa darasa la sita, sikuuliza tena.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na barafu juu ya nyasi. Watoto walipanga mstari kwenye uwanja wa shule, wamejifunga mablanketi, wanangoja kengele. Kengele haikulia. Tangu nipate akili, siku ya shule sijawahi kuamka bila kuisikia ile kengele. Nilivuka kwenda kwa kaka yangu, nikasikia sauti kabla sijafika mlangoni: ya mwanamke inauliza, ya mwanamume inajibu na kukohoa, kisha zote mbili zinacheka. Sikubisha hodi. Nikaenda shuleni.

Mama Malikeleli alikuwa ameshafika, anapiga mikono yake kwa baridi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanisemesha.

"Kuna nini? Yule mgonjwa amefariki?"

"Hajafariki," nikasema. "Mwalimu anaongea na mumewe."

Kisha nikamshika mjukuu wangu mkono, nikawaambia wengine warudi nyumbani.